Chai ya artemisia na hesabu za Maniema

Mwishoni mwa 2015, huko Kalima, mashariki mwa mji wa Kindu, mkoani Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wagonjwa wa malaria zaidi ya 900 waligawanywa makundi kwa kura. Wengine walimeza vidonge vya ASAQ, yaani artesunate na amodiakwini, dawa rasmi ya Kongo tangu 2005. Wengine walikunywa chai ya artemisia kwa siku 7, gramu 5 za majani makavu kwa lita ya maji. Siku ya 28, ripoti ilisema, asilimia 96.4 ya waliokunywa Artemisia annua ya China hawakuwa na vimelea. Kwa Artemisia afra, mmea asilia wa nyanda za juu za Afrika, 88.8, kwa vidonge, 34.3 tu. Jarida la Phytomedicine liliichapisha 2019, likaifuta 2020.

Watetezi wa chai husema imeonewa na wenye viwanda vya dawa. Tuliache jarida, tuzipime namba zenyewe. Artemisinini, kemikali ya artemisia inayoua vimelea, hutoka mwilini ndani ya saa chache, ilhali amodiakwini iliyomo katika ASAQ huacha mabaki yanayolinda damu kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana katika ASAQ amodiakwini ikaunganishwa na artesunate, dawa ya jamii ya artemisinini. Mbu wa Maniema huuma mwaka mzima, tena hawachagui kundi. Kwa hiyo tangu siku ya 8 mnywaji wa chai hana ngao dhidi ya maambukizi mapya, na mmeza vidonge bado anayo kiasi. Tofauti ilipaswa kuelekea kwenye vidonge, nayo imekwenda kinyume kabisa. Kama vidonge vilikuwa vibovu, basi chai ilishindanishwa na chokaa. Kama vilikuwa vizima, kasoro iko kwenye hadubini au kwenye daftari. Kwa vyovyote ushindi huo hausimami.

Hoja moja ya watetezi ni nzito: afra ina artemisinini kidogo mno, hivyo ikiwa inaponya, kuna kemikali nyingine ndani yake. Hiyo inastahili kuchunguzwa kwa bidii, na ndiyo sababu sioni haki kuutupa mmea pamoja na makala. Wanasema pia kwamba vijijini vidonge hukosekana na artemisia huota uani. Ni kweli, na inauma. Lakini nguvu ya majani hutofautiana shina kwa shina, dozi pungufu huviacha hai vimelea sugu, na mtoto mwenye malaria kali hana siku 7 za kusubiri. Shirika la Afya Duniani lilikataa kuipendekeza chai hiyo 2019.

Jaribio jipya lingeanza kwa kuvipima vidonge maabara kabla mgonjwa wa kwanza hajameza, kisha kusoma vinasaba vya kila kimelea kitakachoonekana hadi siku ya 28, ijulikane ni kile cha siku ya kwanza au kimeletwa na mbu mwingine.