Karatasi Ambayo Kamera Haikuisoma

Nimeitazama Queen of Katwe mara tatu, na mara zote machozi yamenitoka mahali palepale: pale mama, Harriet, anapoliuza vazi la marehemu mama yake ili apate mafuta ya taa, binti yake asome usiku. Lupita Nyong'o anaicheza sehemu hiyo kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na hasira ndiyo inayoniangusha. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa hayatoki kwa mtu asiyeipenda filamu hii.

Ni ya mwaka 2016, imeongozwa na Mira Nair, na inatokana na kitabu cha Tim Crothers kuhusu Phiona Mutesi, msichana muuza mahindi wa Katwe, Kampala, aliyefundishwa chesi na Robert Katende na kufika kuichezea Uganda. Nair ameishi Kampala miaka mingi, na inaonekana. Katwe yake ina matope, lakini pia ina rangi, utani, na watu wanaopatana bei bila kumwomba mtazamaji huruma.

Shida yangu inaanza ubao unapopangwa. Kila Phiona (Madina Nalwanga) anapokaa kucheza, kamera inapanda usoni. Tunaona macho, jasho, mkono ukiipiga saa, halafu uso wa mpinzani unanywea. Tunajua nani ameshinda kwa kumtazama aliyeshindwa. Tunaambiwa kwamba msichana huyu huona hatua nane mbele. Zipi? Ukimchukua msichana maskini ukasema ana akili nyingi, halafu usiionyeshe akili yenyewe hata mara moja, unachobaki nacho ni umaskini tu, safari hii na muziki juu yake.

Na ushahidi wa akili hiyo upo. Aliyewahi kukaa kwenye mashindano rasmi anaujua: kila mchezaji ana karatasi na kalamu, na kwa kawaida kanuni zinamtaka aandike kila hatua, yake na ya mwenzake, kisha wote wawili watie sahihi. Mimi nimezihifadhi zangu za mashindano ya shule, nyingi ni za kushindwa, na mwandiko unaharibika palepale nilipoanza kuogopa. Sasa mfikirie Phiona, aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa karo, akiandika mawazo yake kwa mkono wake mwenyewe, hatua moja moja. Filamu inatumia muda mzuri kumwonyesha akijifunza kusoma kwa mke wa Katende. Sikumbuki ikitulia kumtazama akiandika.

Lingine ni mpangilio. Katika filamu, Phiona anavunjika moyo kwenye Olimpiadi ya Khanty-Mansiysk, Siberia, mwaka 2010, halafu anarudi nyumbani na ubingwa unakuwa dawa ya kidonda hicho. Lakini katika maisha yake, Phiona alikuwa bingwa wa wasichana wa Uganda kabla ya kupanda ndege ya kwenda Siberia. Alifika mahali pa kupigwa akiwa tayari bingwa. Hadithi hiyo ni ngumu zaidi, na kwangu ni nzuri zaidi: bingwa wa kwao anayegundua ukubwa wa dunia, kisha anarudi ubaoni hivyohivyo. Miaka miwili baadaye, Istanbul, alipata cheo cha FIDE, cha chini kabisa katika vyeo vya wanawake. Disney haina la kufanya na cheo cha chini kabisa. Sisi tunaoandika mambo ya kweli tungeweza kuanzia hapohapo.

Mwishoni watu halisi wanajitokeza mmoja mmoja na kusimama kando ya waigizaji wao. Hapo Nair haharakishi kitu, na ndiyo maana nitaitazama tena.

Michezo ya Olimpiadi huhifadhiwa hadharani, yeyote anaweza kuipanga upya. Baada ya mara ya tatu nilizima skrini, nikatoa ubao, nikaupanga mmoja wa michezo ambayo Phiona alishindwa kule Siberia. Ulinichukua jioni nzima. Katikati kuna hatua yake moja ambayo mpaka sasa sijaielewa. Niliiacha kete palepale alipoiweka, nikaenda kulala.