Mkojo wa farasi bado umo ukutani

Hapa Nyegezi, Mwanza, mtu mwenye banda la ng'ombe lisilotumika huanza kupiga hesabu: kuta zipo, bati lipo, kilichobaki ni lipu na mlango, kisha wanachuo wa SAUT, chuo kikuu cha jirani, wapange. London waliipiga hesabu hiyo mitaa mizima.

Nyuma ya majumba ya Belgravia na Marylebone kuna vichochoro vya mawe viitwavyo myuzi. Katika karne za 18 na 19 humo kulikuwa na mazizi: chini farasi na magari yao, juu nyasi kavu na chumba cha mwendeshaji. Motokaa zilipoingia yakawa gereji, kisha makazi ya bei kali. (Hata jina ni la kurithi: banda la kifalme la vipanga wa kuwindia, pale Charing Cross, liliitwa hivyo, na jina likabaki lilipogeuzwa zizi enzi za Henry VIII.)

Katika kuyageuza kuwa makazi, uhaba wa mwanga ulisumbua kwanza. Ukuta uliotazama bustani ya bwana mara nyingi haukuwa na dirisha, ili watumishi wasimchungulie. Mafundi wakageuza milango mipana ya magari kuwa madirisha, na juu ya ngazi wakatoboa paa, wakaweka kioo.

Ukuta wenyewe ndio mtihani. Mkojo wa mnyama hutoa amonia, na bakteria huigeuza kuwa naitreti, chumvi inayozama ndani ya tofali. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani: masika ukuta unalia, rangi inababuka. Ukiuziba kwa lipu ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea na chumvi huisukuma lipu mpaka ibanduke. Mwanachuo anayelala ubavuni mwa ukuta ule ndiye anayeumia, na hilo linaniuma.

Fundi makini hubandua lipu yote kupita alama ya unyevu, huchokonoa viungo, huacha ukuta ukauke, kisha huufagia mkavu. Hauoshi, kwani maji huirudisha chumvi ndani. Halafu hupiga lipu ya chokaa, inayopumua, au hujenga ukuta mwembamba wa ndani na kuacha nafasi katikati. Sakafuni huchimba udongo wote ulioloa mkojo, hutandika nailoni nzito, ndipo humwaga zege.

Kwetu, karibu na ziwa, hewa ni nzito kwa unyevu, kwa hiyo ningesubiri masika moja ipite kabla ya kupiga lipu. Unga mweupe wa chumvi ukirudi kwenye tofali, ningefagia tena.