Robo Ngapi Katika Nusu Chapati?

Mkufunzi wa chuo cha ualimu akikaa nyuma ya darasa, daftari pajani, kazi yake kubwa ni kunyamaza. Huko kunyamaza ndiko ninakokuvulia kofia.

Nilimtazama mmoja siku ya somo dogo. Dakika kumi, mada moja, na wanachuo wenzako wamegeuka kuwa watoto wa Darasa la Tano. Mtindo huu ulianzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, miaka ya 1960, kwa Dwight Allen na wenzake: fundisha, ukosolewe, ufundishe tena. Aliyesimama ubaoni alikuwa kijana wa HKL: Historia, Kiswahili na Kiingereza. Hisabati aliagana nayo kidato cha nne, akadhani ni kwaheri ya kudumu. Lakini mwalimu wa msingi hachagui. Ukipangiwa shule yenye walimu watano, hesabu unazo.

Andalio lake la somo lilipendeza: utangulizi, maarifa mapya, hadi tathmini, mistari yote kwa rula. (Jedwali la andalio, naona, hupendwa kuliko somo lenyewe.) Akaandika ½ ÷ ¼. “Geuza ya pili, kisha zidisha.” Jibu, 2.

Binti mmoja akanyoosha kidole. “Mwalimu, tumegawanya. Mbona jibu limekuwa kubwa?”

Binti yule jibu alikuwa nalo. Kuigiza utoto ni ufundi ambao wengi hawauwezi: huishia kupiga kelele na kuomba ruhusa ya kwenda chooni, darasa likacheka, somo likafa. Yeye alishuka mpaka pale mtoto wa miaka kumi anapokwama, akasimama hapo hapo, akasubiri.

Kijana alitazama chaki. Akarudia kanuni, kwa sauti kubwa zaidi. Mkufunzi hakuinua hata uso, ingawa angeweza kumwokoa kwa sentensi moja. Dakika zikaisha.

Kwenye mjadala wenzake walitaja mwandiko, sauti, kusimama mbele ya ubao. Mkufunzi aliwaacha wamalize, kisha akauliza swali moja tu: “Nusu chapati inatoa robo ngapi?” Kijana akafungua mdomo, akaufumba. Miaka yote aligeuza na kuzidisha bila kujua kwamba kugawanya ni kuuliza *ngapi zimo*. Kwa maoni yangu huyu ana bahati kuliko bingwa wa hesabu, maana bingwa alishasahau zamani mahali alipojikwaa.

Kesho yake alikuja na duara za karatasi ya manila na mkasi. Watoto wakakata, wakapanga robo juu ya nusu, wakahesabu. Kanuni haikugusa ubao mpaka dakika ya saba.

Kidole kikanyooka tena, cha yule yule binti. “Mwalimu, na robo nikiigawanya kwa nusu?”

Kijana akacheka. Hakujibu. Akampelekea mkasi.