Isukuti ya Malinya katika Darasa la Nadharia ya Fasihi

Kozi ya utangulizi wa nadharia ya fasihi hufundishwa kwa njia mbili. Moja hupanga nadharia kwa majina na wiki: umuundo, Umarx, ufeministi, upokezi. Nyingine huanza na kazi moja ya sanaa, nadharia zikiitwa kadiri maswali yanavyozuka. Ya kwanza ni rahisi kutahini. Ya pili ndiyo inayozaa wahakiki.

Mlango wa njia ya pili ulifunguliwa Nairobi tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha huko ivunjwe. Hawakutaka fasihi ya Ulaya itupwe, bali Afrika iwe kitovu na fasihi simulizi iwe nguzo ya mtaala. Nyimbo zikishaingia darasani, fasili ya matini kuwa ni maandishi haisimami tena.

Malinya, eneo la Ikolomani katika Kaunti ya Kakamega, inalidhihirisha hilo. Siku ya vita vya mafahali, fahali husindikizwa uwanjani kwa isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Ngoma tatu hupigwa pamoja na pembe ya swala na manyanga ya chuma. Kiongozi huimba, kundi likaitikia, na miguu ikafuata mdundo. Mwanafunzi akinukuu maneno peke yake, amebeba kipande tu. Matini ni ipi hapa: maneno, mdundo, au tukio zima, fahali akiwemo?

Kutoka hapo nadharia huja zenyewe. Umuundo humulika wito na kiitikio. Milman Parry na Albert Lord, waliochunguza waimbaji wa Yugoslavia katika miaka ya 1930, wanampa mwanafunzi njia ya kupima kama kiongozi anakariri au anatunga papo hapo. Upokezi huuliza swali tamu zaidi: sifa anazoimbiwa fahali mmoja zikisikiwa na mashabiki wa mpinzani wake, zinabaki sifa au zinageuka kejeli? Ufeministi nao huuliza ni nani anayeruhusiwa kuusifu udume wa fahali hadharani.

Istilahi zipo. Kamusi ya Fasihi ya K. W. Wamitila (2003) na Nadharia za Uhakiki wa Fasihi ya Wafula na Njogu (2007) zinatosha kwa kuanzia. Tatizo ni matumizi: mihimili ya nadharia hukaririwa, kisha mifano ikatafutwa ya kuijaza, na kazi yenyewe ikasahauliwa. Isukuti huikataa tabia hiyo, kwa kuwa huchezwa pia harusini na matangani, na mpangilio wa wito na kiitikio pekee hauelezi tofauti ya furaha na msiba. Kwa hiyo swali la mwisho la kozi limtake mwanafunzi aonyeshe nadharia aliyoichagua inakomea wapi, na ni ipi inayoweza kuendelea kutoka hapo.