Wasomaji wa Picha za Ubongo

Saratani ya mapafu ndiyo hasa inayopenda kuenea hadi kwenye ubongo, na mara nyingi hujitambulisha yenyewe. Seli zake husafiri na damu, zikanasa pale mishipa inapokuwa myembamba, kwenye mpaka wa gamba la kijivu na sehemu nyeupe ya ubongo. Mgonjwa akidungwa dawa ya gadolini, picha ya MRI huonyesha maduara yanayong'aa ukingoni, yamezungukwa na uvimbe wa maji ambao mara nyingi ni mkubwa kuliko duara lenyewe. Picha ya namna hiyo hata mwanafunzi ataisoma.

Ninaowavulia kofia ni madaktari wa radiolojia wanaoitambua saratani hiyohiyo inapokataa kufuata desturi.

Duara pekee halimtoshi daktari wa aina hiyo, maana jipu la ubongo nalo hung'aa ukingoni, na vivimbe vya kifua kikuu vilevile. Huhamia kwenye picha ya difyusheni, inayoonyesha jinsi maji yanavyojongea ndani ya tishu. Usaha ni mzito, maji hayapiti kwa urahisi, kwa hiyo kiini cha jipu huwaka cheupe. Kiini cha uvimbe wa saratani kwa kawaida hubaki cheusi. Lakini baadhi ya vivimbe vilivyotoka mapafuni huwaka vilevile kama jipu, naye analijua hilo, basi haandiki jibu kwa sababu ya weupe tu.

Mara nyingine uvimbe huja kama kifuko cha maji chenye ukuta mwembamba. Huku kwetu Afrika Mashariki, penye tegu wa nguruwe, fikra hukimbilia kwenye mnyoo. Hapo daktari huikuza picha, akapita kipande kwa kipande akitafuta kitone kidogo kilichogota ukutani mwa kifuko: kichwa cha mnyoo. Akikiona, jibu amelipata. Asipokiona, bado hajaruhusiwa kusema ni saratani, kwa kuwa mnyoo anayekufa hupoteza kichwa hicho. Huomba picha za zamani, kama zipo, azilinganishe, kisha huitazama picha ya kifua, saratani inakoanzia.

Ugumu mkubwa kuliko wote ni saratani inapotawanyika ubongo mzima kama punje za uwele, ikifuata mishipa midogo. Madaktari Madow na Alpers waliieleza hali hii mwaka 1951, miaka 20 kabla ya mgonjwa wa kwanza kupigwa picha ya CT kichwani. Mgonjwa amechanganyikiwa, anasahau, lakini mkono na mguu vyote vina nguvu. Uvimbe wa maji huweza kukosekana, na punje zisionekane kabla ya gadolini, pengine hata baada yake. Kuishuku hali hiyo kwa sababu tu maelezo ya mgonjwa hayalingani na picha iliyo safi, kwangu mimi huo ndio umahiri wenyewe.

Kisha huandika ripoti: kipi kinawezekana zaidi, kipi hakijaondolewa, kipimo gani kifuate. Jipu huhitaji kutolewa usaha na kupewa antibaiotiki. Kifua kikuu, dawa za miezi mingi. Saratani, mionzi, upasuaji au, kwa wenye badiliko la jeni ya EGFR, vidonge vinavyofika hadi kwenye ubongo.