Ngomeni Mombasa: Jengo Tunalolisoma Nusu

Kila mwaka hunifikia maandishi mawili matatu juu ya Ngome ya Mombasa, ile iitwayo Fort Jesus. Aghalabu waandishi ni watoto na wajukuu wa watu wetu waliotoka pwani, sasa wako Maskati, London au Dubai. Huandika kwa mapenzi, na mapenzi si kosa. Lakini karibu wote hushika njia moja: Wareno walianza kujenga mwaka 1593, wakadhulumu watu, Imam Seif bin Sultan akaleta merikebu zake, Desemba 1698 ngome ikaanguka, pwani ikapumua. Hapo hadithi huishia, na msomaji huachwa akidhani kwamba ndani ya kuta walikuwa Wareno, na nje walikuwa wote waliobaki.

Nakiri kwamba nami niliposomesha nilisomesha hivyo hivyo. Nilikuwa na vitabu vya Kiarabu mkono mmoja na vya Kiingereza mkono wa pili. Vya Kiarabu vilimsifu Imam. Vya Kiingereza vilisifu ushujaa wa Wareno waliozingirwa. Nilidhani nikivichanganya nitapata ukweli. Nilichopata ni sifa za pande mbili tu.

Jengo lenyewe halikubali usomaji huo. Tuanze mlangoni. Juu ya lango pana maandishi ya Kireno ya mwaka 1635, ambamo kapteni Francisco de Seixas de Cabreira anajisifu kwa kuirudisha pwani chini ya mfalme wake. Ukisoma majigambo hayo, jiulize yalihitajiwa kwa nini. Yalihitajiwa kwa sababu miaka minne kabla, Agosti 1631, Sultani Yusuf bin Hasan aliingia ngomeni humu na kumuua kapteni wa Kireno. Yusuf huyo alilelewa Goa na Wareno wenyewe, wakambatiza na kumpa jina la Dom Jerónimo. Kwa hiyo jiwe la mshindi ni ushahidi wa kushindwa kwake kwanza. Waandishi wetu hulipita jiwe hili kana kwamba ni pambo.

Ingia ndani. Mchoro wa ngome ni wa Mtaliana, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa akiutumikia ufalme wa Ureno huko India. Pana birika la maji ya mvua, pana kisima, pana njia iliyochongwa ndani ya mwamba kuteremkia baharini, maana ngome hii ilitazamia uhai wake kutoka kwenye merikebu. Pana picha ambazo askari walichora ukutani, merikebu na watu, kazi ya mikono isiyokuwa na la kufanya ila kungoja. Na katika makumbusho vimo vyombo vilivyotolewa kwenye mabaki ya Santo António de Tanná, merikebu ya kivita iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa na ikazama mbele ya ngome mwaka 1697. Wazamiaji waliichimbua baina ya 1977 na 1980. Merikebu yenyewe ilijengwa Bassein, India. Hata huo "Ureno" wa Mombasa, basi, kwa sehemu kubwa ulikuwa Bahari ya Hindi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mazingiwa yalianza Machi 1696. Wareno wenyewe mle ndani walikuwa kiasi cha 50 tu. Waliobaki, mamia kwa mamia, walikuwa watu wa pwani, wanaume, wanawake na watoto, waliokimbilia ndani. Miongoni mwao walikuwamo watu wa Faza. Pate ilikuwa upande wa Oman, na Faza ilikuwa na ugomvi wake wa siku nyingi na Pate. Hawakuingia ngomeni kwa kuupenda msalaba. Waliingia kwa sababu adui wa jirani yao alikuwa rafiki yao, kama ilivyo siasa ya visiwa vyote.

Mwaka 1697 maradhi yaliwamaliza waliokuwamo. Mwisho wa Agosti kapteni António Mogo de Melo naye akafa. Aliyeshika ngome baada yake hakuwa Mreno. Alikuwa Bwana Daud wa Faza, Mwislamu, mwana wa ukoo wa watawala wa huko, pamoja na jamaa zake 17, wanaume Waafrika wachache, na wanawake Waafrika kiasi cha 50. Wanawake hao walishika silaha na kulinda kuta. Ngome kubwa ya Wareno katika Afrika ya Mashariki ililindwa kwa wiki kadhaa na Waswahili na wanawake hao, hata msaada ulipofika kutoka baharini mwezi wa Septemba. Ilisimama mwaka mmoja na zaidi baada ya hapo.

Jina la Bwana Daud limehifadhiwa katika karatasi za Wareno. Majina ya wanawake hayakuhifadhiwa popote ninapopajua. Sisi tunaojivunia nasaba, tunaoweza kuhesabu mababu kumi bila kukosea, hatukuhifadhi hata moja. Hawakuwa na mahali katika hadithi yetu, kwa kuwa walisimama upande usiofaa wa ukuta.

Najua jawabu nitakalopewa: kwamba kusema haya ni kumpunguzia Imam haki yake. Sioni hivyo. Ushindi wa 1698 ulikuwa mkubwa, na merikebu za Oman zilikuja mbali sana kuupata. Lakini nani atasema ushindi umepungua kwa kujulikana kwamba ulipingwa na mashujaa? Linalopungua ni ile dhana kwamba pwani nzima ilikuwa mlangoni inangoja kukombolewa.

Na yaliyofuata yanathibitisha. Machi 1728 Wareno walirudi ngomeni. Mwaka 1729 waliotolewa tena, na mara hii hawakutolewa na jeshi la Imam. Watu wa Mombasa wenyewe waliwazingira mpaka wakasalimu amri, kisha ndio wakapeleka wajumbe Oman. Wakaja Mazrui, wakatawala kwa jina la Oman na baadaye kwa jina lao. Ukumbi wao bado umo humo, na kuta zenye nakshi. Mwaka 1824 Mazrui hao walitweka bendera ya Kiingereza mbele ya kapteni Owen wa merikebu Leven, ili wasimwingie Seyyid Said bin Sultan mikononi. Mwaka 1837 Seyyid Said akaipata ngome, na wakubwa wa Mazrui wakapelekwa Bandar Abbas. Januari 1875 merikebu mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, ziliipiga mizinga ngome hiyo hiyo kumtoa akida aliyemwasi Sultani wa Unguja. Mwarabu dhidi ya Mwarabu, Mwingereza kwa niaba ya Sultani: ni nani atakayeigawa hesabu hii katika "sisi" na "wao"?

Baada ya 1895 Waingereza waliifanya jela, na ikabaki jela mpaka 1958. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Wanaokwenda leo kutoka Maskati hupanda kwenye buruji ya San Felipe, wakapiga picha mbele ya Nyumba ya Waomani, wakarudi. Sina ubaya na picha. Nawaomba tu, kabla ya kupanda, wasimame chini kidogo penye birika, wawakumbuke wale waliokunywa maji yake wakati wa mazingiwa.

Na kwa waandishi wetu vijana nina ombi la kikazi. Karatasi za nyumbani msizitafute ushindi tu. Watazameni mababu waliooa Faza, Pate na Lamu. Waulizeni mashangazi na bibi, ambao aghalabu ndio wanaojua ukoo wa upande wa kikeni. Huenda mtu akagundua kwamba mwaka 1697 alikuwa na babu nje ya ukuta na bibi ndani yake. Akigundua, asifiche. Alete hapa, tuichape.