Shira ya Nanasi na Maji ya Soda

Kinywaji chenye gesi cha kutengeneza nyumbani huharibikia sehemu mbili: kwenye kuandaa tunda na kwenye kumimina. Gesi yenyewe haisumbui mtu, maana inauzwa dukani ndani ya chupa ya maji ya soda. Shangazi yangu anaishi Kipawa, upande wa Karakata, na sijamwona mwingine anayeliandaa nanasi kwa subira kama yake.

Mananasi huyafuata sokoni Buguruni, na akikuta ya Kiwangwa, kule Bagamoyo, hayapiti. Hunusa kitako cha tunda kabla ya kuuliza bei. Nyumbani huliosha kwa brashi hadi kwenye mikunjo ya ganda, kwa sababu kwake ganda halitupwi. Akishamenya, kazi inagawanyika. Nyama huikata vipande vidogo, akavifukia kwenye sukari ndani ya bakuli na kuviacha kwenye friji usiku kucha. Sukari huvuta maji ya tunda polepole. Asubuhi vipande vimesinyaa, vinaelea katika shira ya njano yenye harufu ya nanasi lililokatwa sasa hivi. Shira hiyo haigusi moto hata kidogo, kwani moto huifukuza harufu, na harufu ndiyo anayoitafuta.

Kinachokwenda jikoni ni maganda. Huyachemsha kwa maji machache pamoja na tangawizi iliyopondwa, iliki na kijiti cha mdalasini, mpaka maji yapungue na kugeuka rangi ya chai ya rangi. Huepua, akafunika, akasubiri yapoe kabisa ndipo ayaunganishe na shira. Hatua hii ya kusubiri ndiyo wengi wetu tunaikatisha, na kwa maoni yangu ndiyo inayotenganisha kinywaji chake na juisi ya kawaida: unapata ukali wa viungo vilivyoiva na ubichi wa tunda ndani ya glasi moja.

Blenda anayo, lakini kwa kazi hii haitoi kabatini. Nanasi lililosagwa huacha nyuzinyuzi, na kila kipande cha unyuzi ni mahali pa gesi kushikilia, kukusanyika na kutoroka. Ndiyo maana ukimimina maji ya soda juu ya juisi nzito, povu hupanda, hufurika mezani, na kinachobaki ni maji matamu yaliyopoa. Yeye huchuja kwa chujio, kisha kwa kitambaa cheupe, na kitambaa hicho hakikamui. Anakifunga juu ya sufuria, kinadondosha chenyewe. Mwisho hukamulia ndimu na kuonja. Shira ikiwa bado haijapata baridi, anataka ulimi useme imezidi utamu na imezidi uchachu, kwa kuwa ubaridi hupunguza utamu na maji ya soda yataongeza ujazo mara tatu.

Kwenye kumimina, joto la Dar es Salaam ndilo adui. Lita moja ya maji yenye nyuzi 0 huweza kushika takriban gramu 3.3 za kaboni dayoksaidi katika mgandamizo wa kawaida wa hewa. Kwenye nyuzi 25 hushika kama gramu 1.5 tu. Kwa hiyo kila kitu hulala kwenye friji: shira, maji ya soda na hata glasi. Barafu huisuuza kwa maji ya baridi kwanza, ili ule ukungu wenye chembe ulioganda juu yake usiamshe povu. Shira hutangulia, robo ya glasi. Glasi huinamishwa, maji ya soda yanateremka ubavuni taratibu, kisha kijiko kirefu kinashuka hadi chini na kupandisha shira mara moja.

“Inatosha, baba,” aliniambia nilipokishika mimi. “Ukikoroga sana gesi inaondoka.”

Kuna wanaoweka hamira kidogo kwenye chupa ya juisi na kuifunga siku mbili. Gesi hupatikana, lakini hamira ikila sukari hutoa gesi na kilevi kwa pamoja, na chupa ya kioo iliyojaa mgandamizo inaweza kupasuka. Nyumba yenye watoto, au watu wasiogusa kilevi kwa imani yao, haina sababu ya kupita njia hiyo. Wala gesi haihitaji kilevi: mwanasayansi Joseph Priestley alijifunza kutia gesi majini mwaka 1767 kule Leeds, Uingereza, kwa kutumia hewa iliyokuwa ikitanda juu ya mapipa ya bia ya jirani yake; mwaka 1772 akachapisha njia ya kutengeneza maji hayo bila kuhitaji bia kabisa.

Msimu wa embe ukifika, shangazi hubadili mpangilio, kwa sababu embe dodo lina nyama nzito isiyokubali kuchujika vizuri. Hapo hugeukia ukwaju, unaolowekwa tu na kukamuliwa, na tangawizi anaipunguza nusu. Ukwaju una uchachu wake, ndimu haiingii.